Sauti ya Kukodi

Hunijui kwa sura.
Unanijua jikoni, jioni, kabla ya taarifa ya habari,
ninapokuambia mafuta haya hayagandi kooni.
Hayo yalikuwa ya Jumatatu. Jumanne nilikuwa bando:
siku tatu za uhuru kwa shilingi hamsini.
Neno uhuru nililirudia mara kumi na moja
kwa sababu Syombua, nyuma ya kioo, alitaka lisikike
kama soda inapofunguliwa.

Studio iko ghorofa ya tano, Barabara ya Ngong.
Kuta zimevikwa sponji, mji hauingii.
Hata siku ile mabomu ya machozi yalipolia chini
tuliyajua kwa pua tu,
tukasubiri nimalize kupiga chafya, tukaendelea.

Alhamisi ikaja karatasi isiyo na nembo.
Usiulize ya nani, alisema Syombua, malipo ni maradufu.
Ilihusu kodi,
ile ya unga, ya sodo, ya kutumiana pesa,
ila neno kodi halikuwamo. Nililitafuta.
Kulikuwa na mchango. Kulikuwa na sote.
Na kulikuwa na sentensi moja nzuri, nakiri,
nane kwa nane, kama niliyofundishwa shuleni:
"Kaza mshipi wa leo, kesho utavaa suti."

Nisome kwa sauti gani?
"Ile ya mafuta. Ya mama anayejua."

Pesa iliingia kwenye simu kabla sijafika ngazi ya mwisho.
Nikalipa karo. Nikabadilisha mtungi wa gesi.

Sentensi yangu ikatembea.
Mtangazaji wa asubuhi aliitamka kama aliyeiota yeye,
gazeti likaipa ukurasa wa kwanza, chini yake friji kwa mkopo,
mchambuzi mmoja mwenye tai akaiita busara ya wahenga.
Ilitoka kwangu yatima,
ikarudi na ukoo mzima.

Wiki mbili baadaye, Umoja, buchani kwa Kirimi.
Pesa ya nusu kilo sasa ni ya robo;
mizani yake, tofauti na yangu, haijui kupendezesha.
Nikauliza kulikoni.
Akafuta kisu kwenye aproni, akatazama mbali,
kama mtu aliyekesha akilitafuta jibu peke yake:
"Dada, tukaze mshipi wa leo. Kesho tutavaa suti."
Foleni ikaguna kukubali.
Akaguna hata yule aliyekuja kuomba mifupa ya supu,
mtoto mgongoni akinyonya kona ya leso.
Vijana wakapita na bendera na filimbi.
"Hao," alisema Kirimi, "wamekosa kazi ya kufanya."
Na hiyo nayo niliitambua. Si mimi niliyeisoma,
ni Barasa, kibanda cha pili, ana besi nzito kuliko yangu.

Nilitaka kusema. Kwamba niliuza.
Kwamba hakuna mhenga, kuna Syombua na saa ya ukutani.
Nikafungua mdomo, ikatoka ile ile,
laini, ya mama anayejua,
na Kirimi akatabasamu kabla sijafika kwenye kitenzi.
"Sauti yako naifahamu. Tunasali pamoja?
Una sauti ya mtu wa kuaminika, wewe.
Ungegombea kiti."
Akaniongezea kipande cha ini.

Usiku Mbithe anafanya marudio mezani.
Tunga sentensi ukitumia maneno yafuatayo.
Daraja. Methali. Uhuru.
Nainama begani kwake, naona ameandika
kwa mwandiko wake wa kubana, uliolala upande:
Uhuru wangu unaisha leo saa sita usiku.
Juu yake, kwa kalamu nyekundu, tiki ya mwalimu,
ndefu, imevuka hadi mstari wa pili.

Nageuza ini lisishike.
Kisha namuuliza, bila kugeuka,
umebakisha kiasi gani.