Puliza Tena

Saa kumi kasoro, Lukaya.
Wachoma kuku wamefunika mkaa kwa majivu,
nami Sajini Ayikoru nimekushika
kama mtu aliyeshika simu ya marehemu,
nikingoja useme.

Waganda wamekubatiza Kawunyemu, nusa kidogo.
Kiswahili changu ni cha kambini, Masindi,
kilinifundisha amri kabla ya salamu,
kwa hiyo mimi nakuita Shahidi,
japo shahidi huulizwa: ulikuwa wapi?
Wewe mwaka jana wote ulikuwa ndani ya droo,
chini ya vitabu vya risiti,
na karatasi ya aliyekupima wewe, mpimaji,
ina tarehe iliyolambwa na jasho.

Wa kwanza alileta lori la matoke kutoka Isingiro.
Kamuhangire. Shavu limevimba kama kaficha yai.
Puliza.
Sifuri nukta moja moja.
Sheria imechora mstari wake kwenye sifuri nane;
wenzangu wakagusa pingu.
Yeye akafunua mdomo, akanionyesha shimo,
damu bado mbichi:
jino limeng'olewa Masaka jioni ile,
na kichupa cha kusukutua kimo mfukoni,
kinanuka mnanaa na spiriti.
"Afande, mimi mlokole."
Walokole nimewakamata wengi.
Lakini mafunzo yanasema robo saa,
mdomo uishiwe, pumzi ya ndani ndiyo iseme.

Robo saa ni ndefu
ukikaa na mtu asiyejua atalala wapi.
Alihesabu mikungu yake kwa sauti,
mia mbili na kumi na mbili,
akapotea, akaanza upya.
Puliza tena: sifuri tatu.
Puliza tena: sifuri.
Nikamwambia nenda. Hakwenda.
Alisimama anakutazama wewe,
si mimi, wewe,
kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe
kisha akaambiwa ulikuwa mzaha.

Wa pili alivaa suti.
Jina lake liko kwenye faili, silirudii.
Harufu ilinifikia kabla kioo hakijashuka nusu.
Puliza.
Sifuri nukta sifuri saba.
Puliza tena.
Saba.
Saba si nane, hata mtoto wa chekechea anajua.
"Glasi ya mwisho," akacheka,
"nimeimaliza hapo tu, kwa kuku, sasa hivi."
Nami niliyesoma,
niliyejua kuwa pombe si chai,
kwamba hupanda damuni kama maji ya Lwera,
mvua imekatika saa nyingi
na bado yanapanda, bila kelele,
nikamrudishia leseni
kwa mikono miwili.

Dakika ishirini.
Redio ya kiunoni ikaita.

Lwera, penye mafunjo.
Nalubowa alikuwa ametoka mapema
kutundika kamongo wake kando ya barabara.
Tulikuta samaki wawili bado wananing'inia kwenye kigingi,
wamelowa umande, hawajaguswa.
Kandambili moja tuliipata.
Nyingine, hadi leo, sijui.

Hospitalini walimtoa damu yule wa suti.
Sijaambiwa ilisoma ngapi.
Najua tu kwamba daktari aliandika,
akatazama saa,
akatazama tena alichoandika.

Wewe hukusema uongo, Shahidi.
Kwa Kamuhangire ulinusa mdomo
ukadhani ni mtu.
Kwa huyu ulisoma dakika moja,
nami nikaisoma kama safari nzima.

Jumatatu nina mahakama.
Wataniuliza kimashine kilisema nini.
Nitasema: saba, mheshimiwa, mara mbili.
Karani ataandika saba.
Hakuna atakayeuliza
pua yangu ilisema nini,
na kama wataniuliza
sijui nitaliweka wapi jibu:
pua haina namba, haina risiti,
haipelekwi kupimwa popote,
na asubuhi ile,
ilikuwa imesema.