Themanini kwa Kumi na Tisa

Mwaka mzima benchini,
chupa mbili mkononi,
jezi kavu, na moyoni
zamu yangu nalilia.

Ilikuwa Jumamosi,
jua li juu ya kosi,
uwanja wetu kiasi,
nyufa zimeuvamia.

Wageni watoka Lamu,
saba tu, na wana hamu;
njia ndefu, nayo ngumu,
Malindi wameingia.

Mmoja kiatu chake
kimefungwa, kisicheke,
kwa uzi wa dada yake
wa kushonea kofia.

Robo moja haijesha,
ishirini twawavisha;
kushangilia kwachosha,
wavu haujatulia.

Mbeyu, mshika ubao,
alibandua vibao
vya kwetu; lakini vyao
vumbi vilikumbatia.

Kila tuwapige mbili
huinuka, ni wakali,
waomba mpira mbali
kama walotangulia.

Sheria za kitabuni
anazo refa kichwani;
nyingine zimo machoni,
hakuna wa kukwambia:

Ukimshinda mwenzako
kwa hamsini, ni mwiko
kumkaba nyuma huko
mpira akianzia.

Na saa inapokwisha
mpira huudundisha,
hutupi; wauzungusha
hadi kipenga kulia.

Haya sikufunzwa shule:
shangazi, karata zile,
akinila mara tele
turufu hunifichia.

Kocha Ngumbao kasema,
“Watano wa mbele, nyuma!”
Benchi zima likahema,
ndipo nami naingia.

Mama yupo ukutani,
kafunga duka sokoni
anione uwanjani,
hata mara moja pia.

Sabini na nane, zetu;
wao, kumi na tisa tu.
Mpira ukaja kwetu,
kwangu ukajitulia.

Mbele kikapu ki wazi,
wala sina kizuizi;
mwenye kiatu cha uzi
yu kando, aangalia.

“Shika! Shika!” yuaita
nahodha; saa yapita;
miye, mguu wasita,
mkono wanililia.

Siwafichi: nilitupa.
Si kiburi, wala pupa,
ni mwaka wote wa chupa
mkono ulopitia.

Ubao ukaugonga,
ukingoni ukatanga,
ukasita, ukayonga,
polepole ukangia.

Refa hana la kunena,
kitabuni kosa sina;
mbili halali, bayana,
vidole kanyanyulia.

Hapakupigwa makofi.
Kimya kilikuwa safi.
Nahodha, kama wa kofi,
shavu alijishikia.

Ila mama, peke yake,
kigelegele ni chake;
kaziba mdomo wake,
kimya naye kasikia.

Mbeyu namba kabandika:
themanini zikafika;
zao hazikuondoka,
pale pale zasalia.

Nilimfuata yule
Shekuwe, jina la kule,
nikamwambia kwa pole,
“Niwie radhi, sikia.”

Kacheka: “Ile huruma
mliporejea nyuma
ndiyo iliyotuuma;
wewe ulitupania.

“Ningejua utarusha
ningeruka kukutisha;
uzi huu ungekwisha,
kiatu kingeachia.”

Chupa yangu nikampa,
kanywa, kisha akalipa
kwa utani wa kuchapa:
“Mbili zako, twazijia.”

Kocha hakusema neno.
Aliukunja mkono,
kahesabu, tano tano,
mipira kwenye gunia.

Njiani mama kasema,
“Ulirusha kwa heshima?”
Jibu langu likakwama;
jezi jasho yanukia.