Mke wa Nannole

Karani aliyehama aliniachia jedwali moja,
refu kama foleni ya magunia mwezi wa kumi:
jina, kijiji, simu, kilo, daraja, deni la salfa,
vyote mstari mmoja, vimebanana
kama nguo za safari ndani ya rambo.
Bodi ya chama ikasema: Binti Likwata, gawa.
Wakulima wakae kwao, mashamba kwao, mizigo kwao,
kisha ufunge hiki kwa kile kwa namba,
mnada wa tatu usitukute tunahesabia vidole.

Kitangari asubuhi, ukungu umelala hadi mlango wa ghala.
Nawasha kompyuta, naanza na majina.

Kumbe mtu mmoja aweza kuwa watatu:
Mnunduma, Nnunduma, Munduma,
shamba lile lile, simu ile ile,
ila sifuri ya mbele imeliwa na jedwali
kama panya alivyokula kona ya daftari la tisini na nane.
Sisi twatamka kwa pua, mashine yasoma kwa jicho.
Nikawaunganisha, nikawapa namba moja,
nikamwomba radhi mzee kimoyomoyo
kwa wenziwe wawili niliowafuta kabla ya chai.

Utaratibu nimeujua kwa kukosea.
Ukitanguliza kilo kabla ya mtu, mashine inagoma.
Mkulima, ndipo shamba, ndipo gunia;
kama kliniki, bila kadi ya mama mtoto hapimwi.

Mistari elfu mbili na mia nne ikapita.
Arobaini na mmoja ikabaki nje, myekundu,
yote ina jibu moja: mkulima huyu hayupo.

Wengine nawajua waliko.
Yule wa kangomba, jina la kuazima, korosho za jirani.
Yule aliyefariki Ramadhani,
mikorosho yake haikupata taarifa.
Lakini mstari wa mia tisa na sita:
Mke wa Nannole. Kilo 312. Daraja la kwanza.
Nannole yupo, namba 0417, hana kilo hata moja.
Ningemtundika mzigo ule yeye,
kubofya mara mbili, nikaenda kula.
Nusura.

Saa nane akaja mwenyewe,
kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia,
kuuliza mbona ujumbe wa benki haujafika.
Nikamuuliza jina.
Mke wa Nannole.
Lako, mama.
Akaitazama mizani kidogo
kana kwamba nimemuuliza uzito.
"Somoe. Somoe Chitanda.
Shamba ni la mama yangu.
Nannole anaijua njia tu ya kwenda."

Nikaandika: 0863. Shamba likakubali.
Kilo zake zikaingia bila kelele.
Nilipomsomea simu yake kwa sauti
alinisahihisha sifuri.

Imebaki arobaini.
Wa mwisho hauna jina, una maelezo ya karani:
Huyu simjui, ila alileta, na mvua ilikuwa inanyesha.
Kilo kumi na tisa.
Nimeuweka kwenye jedwali la pembeni,
nimeliita Subiri.
Kesho nitampigia karani huko Nanyumbu
aniambie ni mvua ya siku gani.