Plasta

Baba aliibandika plasta, ile ya vidonda,
juu ya taa ya njano, akaendesha miaka minne,
Kutaisi hadi Zestaponi, akipiga mluzi.

Gari sasa ni langu. Nimeibandua:
taa imo, haikuwahi kulala.

Nikabadilisha chujio. Bado.
Pampu ya mtumba, lari mia na themanini. Bado.
Nozeli nikazisugua moja moja kwa mswaki wake.
Fundi Gocha akachomeka kompyuta, akakuna kisogo:
"Kuna mahali mvuke wa petroli unatoroka.
Wapi, mashine haisemi."

Jumapili, theluji ikidondoka kituoni,
vidole vimekufa ganzi, nikakitazama kifuniko cha tangi
kwa mara ya kwanza.
Cha Lada. Kwenye Opeli.
Kinaingia, kinazunguka, hakibani.

Nikakumbuka usiku nilipompigia kutoka wodi ya wazazi:
alifika ananuka petroli tangu koti hadi ndevu,
nami nikamgombeza, asimshike mtoto.

Kipya ni lari kumi na mbili.
Siku ya tatu taa ikazima yenyewe.

Kwenye dashibodi imebaki gundi,
nusu duara, imeshika vumbi.
Haitoki kwa kucha.
Sijatumia kisu.