Shati la Chumba cha Sita

Nilikuja Kashi kuona mapambazuko.
Nikalala hadi saa nne.
Treni ya usiku ilikuwa imenitikisa mifupa
na mashati yangu matatu yalinuka moshi,
basi nikashuka nayo ngazini kwa Ramkhelawan,
mguu mmoja mtoni, mmoja juu ya jiwe,
akipiga nguo kama anayeidai deni.

Dobi! nikaita, naye akageuka.
Neno nililotoka nalo nyumbani, nikidhani ni letu.
Akaonyesha rundo la shuka: laki, akasema, kwa kuchoka.
Nikacheka. Laki!
Chapati. Achari. Bangili mkononi mwa binti yake.
Na pesa, hasa pesa, tulielewana upesi.
Safari yote ile
kuja kukuta maneno ya jikoni kwetu
yanaoga kwao.

Kesho yake nikaletewa mashati matatu:
mawili yangu, la tatu si langu.
Jeupe, kola imewahi kugeuzwa,
vifungo vinne vya mfupa, kimoja cha plastiki,
na ndani ya shingo uzi mwekundu,
mishono mitatu na kitone.
Ramkhelawan aliusoma kwa mbali, kama mtu asomavyo jina lake.
"Nyumba ya wanaongoja. Chumba cha sita.
Lako liko huko."

Nyumba hiyo iko nyuma ya soko la kuni,
pale magogo yanapopimwa kwa mizani ya chuma
na bei hutajwa kwa sauti ya chini:
mwembe rahisi, msandali usiulize.
Watu huja humo kufa. Hupewa wiki mbili.
Ukifia Kashi, wanasema, huzaliwi tena;
daftari limefungwa.

Mwalimu Tribhuvan Ojha, wa hesabu, mstaafu,
alikuwa siku ya ishirini na moja,
kitandani, ndani ya shati langu la maua ya buluu,
anakula mtindi.

Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu utampa jembe gani?
Mwanawe, Nityanand, alikaa kizingitini na simu mkononi.
Likizo yake iliisha Jumanne.
Aliniambia hilo bila kunitazama,
kama anayekiri wizi.
"Alikuwa hali, hanywi. Daktari akasema usiku mmoja, labda miwili.
Halafu wakaleta hili shati."

Mzee akalivuta lile jeupe kutoka mikononi mwangu,
akahesabu vifungo. Vitano. Akaridhika,
akanirudishia.
Akauliza kama kwetu kuna mto.
Nikasema upo, mdogo, hukauka Februari.
Na mkifa?
Tunazikwa, nikasema. Nyuma ya nyumba, penye migomba.
Akafikiri muda mrefu, kijiko hewani,
kisha akasema jambo
na Nityanand akacheka, mara ya kwanza,
akakataa katakata kunitafsiria.

Jioni nilisimama juu ya ngazi.
Hapa mto hugeuka ukaelekea kaskazini, kule ulikotoka,
kama mtu aliyekumbuka njiani hakufunga mlango.
Kengele. Tiara za watoto. Mbwa amelala kwenye jivu lenye joto.
Niliyaona yote niliyoambiwa nisiyakose,
ila siwezi kuapa kwamba nilikuwa nikitazama.
Nilikuwa nikiwaza: wiki ya nne, nani atawalipia chumba?

Niliondoka na treni ya saa tano
nimevaa jeupe. Linanibana mabegani.
Mfukoni mna karatasi iliyofuliwa hadi ikawa kama uji mkavu;
huenda risiti, huenda hesabu ya mtoto fulani
iliyongoja kusahihishwa.
Sijaitupa.

Nityanand hajaandika. Nami sijauliza.
Mishono mitatu na kitone
hunikwaruza kila ninapogeuza shingo.