Herufi Tatu

Hatuwaoni wenyewe, tunasoma majina yao.
Mashine hutema herufi usiku kucha,
A, T, G, C, bila nukta, bila aya,
milioni tatu kwa kila kijidudu,
na asubuhi mimi, Neža, na kahawa iliyopoa,
namuuliza kila mmoja kama mgeni kizingitini:
wewe wa ukoo gani?

Huyu katoka katika damu ya bibi wa Kranj,
aliyezikwa Jumapili.
Huyu, katika uti wa mgongo wa seremala;
yu hai, sikio la kushoto halisikii tena.
Huyu, katika kondo la nyuma la mama
ambaye kwenye karatasi yake
pa jina la mtoto pameachwa wazi.

Wagonjwa hawajuani. Wadudu wao ni ndugu.

Mkaguzi Gorazd aliniletea pamba kumi na tisa
ndani ya boksi la barafu,
zina namba tu, tusije tukapendelea.
Ya kumi na nne ikaungana na wale watatu.
Tofauti: herufi tatu.
Mimi na mama yangu hatufanani hivyo.

Nikafungua orodha.
Kumi na nne: ufa, ubao wa kukaushia jibini,
shamba la Zofka Humar.

Shangazi.
Aliyenilipia ada, gurudumu la jibini baada ya gurudumu.
Soma, alisema, mikono yako isinuke maziwa.

Damu nzito kuliko maji, ndivyo isemwavyo.
Mimi damu naipima. Ina wageni.

Nikatia sahihi saa nne kasoro.
Jioni, mkaguzi alipokwisha kushuka kutoka kwake, nikapiga simu.
"Ubao ule nausugua kila siku," akasema,
"kwa maji yanayochemka."
Nilitaka kumwambia: hujikunja ndani ya ufa, shangazi,
na baridi inayowalaza wenzake, yeye humnenepesha.
Nikasema, "Najua."
Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.
"Wangapi?"
Nikamwambia.
Hakukata simu. Wala hakusema.

Kwangu, ndani ya friji, nusu ya gurudumu la Krismasi
limefungwa kitambaa chake cha mistari ya buluu,
pembeni alama ya meno yangu.
Nikasimama, mlango wazi, miguu ikipata ubaridi.
Kisha nikatoa pamba mfukoni.

Juu ya kichupa nikaandika: ishirini.
Mahali: kwangu.