Kibali Namba Arobaini na Mbili

Wino wa mashine uliisha siku ya pili,
kwa hiyo vibali niliviandika kwa mkono,
mimi, karani wa kata, Newala,
mwenye mwandiko wa kusifiwa tangu darasa la nne.

Kipindupindu kilikuwa kimepanda mlima
pamoja na maji ya kununua, dumu kwa dumu,
na waraka ukaja: fungeni vyote
isipokuwa vilivyo vya lazima.

Vya lazima. Neno hilo likakaa mezani kwangu
kama mgeni asiyesema anakula nini.
Nilianza na ofisi yetu. Usicheke.
Nani angegonga muhuri tukifungwa sisi?
Kisha zahanati, maduka ya dawa, benki,
kituo cha mafuta. Kisha ghala la korosho,
vibali kumi na saba kwa mkupuo,
kwani mnada haungoji mtu apone,
na mwenye ghala alikuja na kalamu yake.

Bi Somoe Likwenya nilimkatalia.
Uji wake wa mtama, nikasema, ni mkusanyiko.
"Uji nauchemsha," akanijibu. "Hayo madumu yenu
nani anayachemsha?"
Nikatazama saa ya ukutani,
iliyosimama tangu Ramadhani.

Halafu akaingia Ausi Chipojola, sururu begani.
"Biashara?"
"Nachimba."
"Unachimba nini?"
Akamtazama mama mmoja kwenye benchi, akashusha sauti:
"Vyoo."
"Leseni?"
"Leseni sina. Nina hii."
Akaigusa sururu, mpini umeng'aa kwa viganja.
Nikamwambia arudi nyumbani, anawe mikono.
Aliniaga vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo,
kwamba aliniaga vizuri.

Usiku wa nne, kambi ya wagonjwa, pale shuleni,
matundu sita yalijaa yote.
Vijana wa mgambo wakajitolea, wakachimba hadi kiunoni,
na mchanga wa Newala, mnaujua,
haushiki ukuta: ukarudi shimoni
kama mtu aliyesahau kitu ndani.
Wakachimba tena. Ukarudi tena.
Daktari, mgeni, mtu wa Bukoba,
akaja dirishani kwangu na buti zake zinanuka.
"Mji mzima huu hakuna anayejua kuchimba?"

Yupo, nikasema. Yuko kituo cha polisi.
Kosa: kutembea na sururu bila kibali.

Nilikwenda mwenyewe, muhuri mfukoni,
nikaandika namba arobaini na mbili juu ya goti.
Nilipofika "Aina ya huduma", kalamu ikagoma.
Chipojola akachungulia.
"Andika shimo," akasema. "Shimo la Mungu lipo ukingoni,
wageni wanalipiga picha.
Hili andika ni la Chipojola."
Askari akacheka, kisha akaacha.

Alichimba kwa taa ya chemli, haongei.
Kila futi mbili anasimama, anasuka fito
kuzunguka ukuta wote, anabana, anagonga,
kama mtu anayesuka kihenge
cha mavuno asiyoyaonea haya.
Futi kumi na nne. Adhana ya alfajiri ilimkuta chini,
tukasikia sauti yake ikiitikia kutoka ardhini.

Alipopanda juu hakuomba fedha kwanza.
Aliomba uji.
Tukatazamana, daktari na mgambo na mimi,
kila mmoja akijua ni mlango gani
aliusaidia kuufunga.

Orodha ile ipo bado: faili la kijani, kabati la pili.
Ghala, kumi na saba. Shimo, moja, mwishoni,
kwa wino wa rangi nyingine.
Mkaguzi alipopita mwaka jana
aliifunua ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa,
akausifu mwandiko.